Wanaruka kwa ajili ya wengine. Wao nani anawadaka?

Nianze kwa kujisema mwenyewe kabla sijasemwa na wengine.

Miaka kadhaa nyuma, kabla sijahamia kwenye jarida, nilikuwa afisa mawasiliano wa kampuni moja hapa Dar. Kila ikikaribia Desemba tulikuwa na siku ya hisani. Unazijua hizi siku. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta, katoni za sabuni, fulana zenye nembo, bango refu la kusimama mbele yake, na mpiga picha ambaye ndiye mtu muhimu kuliko wote. Mwaka ule tulichagua kituo cha watoto yatima nje kidogo ya mji. Kwenye kikao mtu akasema ikiwepo burudani itanoga. Mwingine akadakia kwamba anawajua vijana fulani wa sarakasi, wako vizuri kinoma, na wala hawana shida, wale huwa wanajitolea.

Kazi ya kuwapigia nikapewa mimi. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenyewe, sauti ya adabu. Nikamweleza siku, mahali, na kwamba ni kwa ajili ya watoto yatima. Hakuuliza hela. Alisema, "Sawa dada, kama ni kwa ajili ya watoto tutakuja." Nikakata simu nikiwa nimefurahi. Burudani bure! Nikaweka alama ya vema kwenye karatasi yangu, nikahamia kwenye suala la maturubai.

Walikuja kumi na wawili, mkubwa wao labda miaka kumi na tisa, mdogo kama kumi hivi. Walikuja kwa daladala, wakabadilisha mbili, wamebeba ngoma moja na begi la nguo za kung'aa ambazo mama wa mmoja wao alizishona. Nauli walijilipia. Hilo sikuliuliza siku ile, nililijua baadaye.

Sehemu yenye mchanga, ambayo ingewafaa, tulikuwa tumeshapanga viti vya wageni na turubai. Wao tukawapa sementi ya mbele ya jiko.

Nikwambie ukweli, walikuwa moto. Watoto wa kile kituo waliotukalia kimya muda wote wa hotuba (na hotuba zilikuwa nne) walisimama wote. Kijana mmoja alijikunja akaingiza mwili mzima ndani ya pete ambayo mimi hata mguu usingepita. Mwingine akarusha vipira vitano huku anatafuna kashata. Mama mlezi alinigusa bega akanionyesha binti mmoja mdogo, akaniambia huyo ana miezi mitatu tangu aletwe na hajacheka hata siku moja. Alikuwa anacheka mpaka kamasi.

Halafu wakajenga piramidi. Wanne chini, watatu juu yao, wawili, kisha mmoja kileleni. Yule wa kileleni alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakati wa kushuka mguu wa mwenzake ukateleza kwenye ile sementi, na mtoto akaja chini kwa mkono.

Ule mlio bado ninao masikioni.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Hatukuwa na mpango wowote. Hatukuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Magari ya kampuni yalikuwepo matatu, lakini bosi alikuwa anatakiwa kwenye picha ya kukabidhi mchele, na dereva hakupewa ruhusa. Yule kiongozi wao akambeba mwenzake mgongoni mpaka barabarani, wakachukua bajaji. Mimi nilichomoa shilingi elfu ishirini kwenye pochi yangu nikampa, na moyoni nikajiona mtu mwema. Shughuli ikaendelea. Picha zilitoka nzuri sana, mojawapo ina hao vijana wamevaa fulana zetu.

Jioni mama wa yule mtoto akanipigia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliuliza kwa upole, "Samahani dada yangu, naomba unieleweshe. Mwanangu alikuja kwenu kucheza au kufanya kazi?"

Sikuwa na jibu. Kama alikuja kufanya kazi, mshahara wake uko wapi, na aliyemwajiri yuko wapi saa hizi? Kama alikuja kucheza, mbona nilimpigia simu, nikampangia saa, nikamwambia asichelewe?

Na sasa zamu imefika kwetu

Haya yote ningeyaacha yalale, ila mwaka huu mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na minne, ametangaza nyumbani kwamba anataka kujiunga na kundi la sarakasi la mtaani kwao. Kundi lenyewe linasifika kwa kuzunguka hospitali, vituo vya yatima na michango ya wagonjwa. Kaka kasema hapana. Wifi kasema tuone. Bwana mdogo kaja kwangu: "Shangazi, baba anakusikiliza wewe."

Nikaenda. Kaka hakunipa hata nafasi ya kukaa vizuri. "Wewe si ndiye uliyeniambia ulimwona mtoto wa watu anavunjika mkono? Leo unataka wangu avunjike shingo? Tena bure? Na sarakasi tangu lini ikawa kazi?"

Maswali matatu kwa pumzi moja. Yote ya haki. Nikamwomba wiki mbili, nikaenda kusoma na kuuliza watu, na nilichokipata ndicho ninachokuletea hapa. Maana najua siko peke yangu. Kila mtaa wa mji huu una watoto wanaojirusha kwenye mchanga, na kila ofisi ina mtu kama nilivyokuwa mimi, ameshika simu anatafuta burudani ya bure.

Tangu lini ikawa kazi?

Tuanze na la mwisho maana ndilo jepesi. Katikati ya miaka ya 1960, Serikali ya Mwalimu Nyerere ilichagua vijana wa Kitanzania ikawapeleka China. Hawakwenda kusomea udaktari wala reli. Walikwenda kusomea sarakasi, miaka kadhaa. Waliporudi, mwaka 1969 likaundwa kundi la taifa la sarakasi, likasimama pamoja na kundi la taifa la ngoma. Wakubwa zetu wanakumbuka jinsi uwanja ulivyokuwa unalipuka kwenye sherehe za kitaifa watu wakiona binadamu anapita kwenye duara la moto. Makundi hayo yalivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ujuzi ukahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Kutoka hapo ukasambaa mitaani. Kwa hiyo ukiona mtoto wa Temeke anasimamisha viti juu ya viti, ujue ana babu wa kisanaa aliyefundishwa China.

Na mwaka 2003 Mzimbabwe mmoja, Winston Ruddle, naye akafungua shule ya sarakasi hapa hapa Dar. Vijana wetu wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya kwenye onyesho la Mother Africa. Wanalipwa. Wanajenga kwao. Nilipomwambia Kaka hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, hao wa Ulaya. Hawa wa kwenda kwa yatima je?"

Hapo ndipo penyewe.

Kambodia: waliotoka kambini

Nimesoma habari za makundi mengi ya vijana wanaofanya sarakasi kwa hisani, ila moja limenishika kuliko yote, na liko mbali, huko Kambodia, Asia. Linaitwa Phare Ponleu Selpak. Maana yake ni kama mwanga wa sanaa.

Kati ya 1975 na 1979 Kambodia ilitawaliwa na Khmer Rouge. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walikufa kwa kuuawa, njaa na magonjwa, na wasanii walikuwa miongoni mwa waliowindwa, kama ilivyokuwa kwa walimu na wasomi. Waliobaki wengi walikimbilia mpakani mwa Thailand. Kwenye kambi moja kubwa iliyoitwa Site 2, mwalimu Mfaransa, Véronique Decrop, alianza kuwafundisha watoto kuchora. Karatasi na rangi tu. Watoto waliokuwa hawawezi kusema walichokiona wakaanza kukichora.

Vita vilipotulia wakarudi kwao, na mwaka 1994 vijana tisa kati ya wale wanafunzi, pamoja na mwalimu wao, wakaanzisha chama chao nje kidogo ya mji wa Battambang. Hawakuwa na kitu, wao wenyewe walikuwa wametoka kupewa. Walianza na kuchora, na muziki ukaingia. Mwaka 1998 mmoja wao, Khuon Det, akaanzisha sarakasi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kuchora kunataka mtoto atulie, na mtaani kulikuwa na watoto wasiotulia: wa barabarani, walioponea kusafirishwa kwenda kuuzwa kazi Thailand, waliozoea kupigana. Sarakasi iliwapa mahali pa kupeleka zile nguvu.

Baadaye palipatikana na shule ya kawaida ya kusoma na kuandika ndani ya uwanja huo huo, na watu wa ustawi wa jamii wanaokwenda majumbani. Mafunzo ya sanaa ni bure. Maonyesho yao si ya kujirusha tu, kila onyesho lina hadithi. Moja linaitwa Sokha, la msichana anayeandamwa na kumbukumbu za vita. Jingine, Eclipse, ni la kijana anayetengwa na kijiji kwa sababu ya alivyo. Walizunguka vijijini wakicheza habari za ukimwi, dawa za kulevya na watoto wanaouzwa. Mtu ambaye hatakaa kusikiliza semina atasimama saa nzima kumwangalia mtoto juu ya kamba, na semina itamwingia hapo hapo.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifanya nikumbuke ile simu ya yule mama. Miaka mingi walitegemea wafadhili, na mfadhili unamjua, leo yupo, kesho sera yake imebadilika. Februari 2013 wakafungua hema la sarakasi Siem Reap, mji wa jirani na mahekalu ya Angkor, ambako watalii wanafurika. Mtalii ananunua tiketi. Msanii, ambaye ni mhitimu wa shule, analipwa kwa kazi yake. Faida inarudi Battambang kusomesha wadogo zao. Umeona? Anayeruka analipwa kwanza, hisani inatoka kwenye kinachobaki. Haitoki kwenye nauli yake.

Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, watalii wakakauka na hema likazimwa taa. Mwanzoni mwa 2021 wale vijana wakafanya kitu cha ajabu: onyesho moja mfululizo, kupokezana usiku na mchana, lililopita saa ishirini na nne, wakitafuta rekodi ya dunia na michango ya kuokoa shule. Mwezi Agosti mwaka huo huo mmoja wa wale waanzilishi tisa, Srey Bandaul, mchoraji na mwalimu, akafariki kwa korona. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikaenda kupika chai. Kuna watu dunia inawadai, wao wanazidi kuilipa.

Kinachompata anayetoa

Nisiseme kwamba mpaka uende Asia. Cape Town, Afrika Kusini, kuna Zip Zap, ilianza mwaka 1992, wakati ambao mtoto mweupe na mweusi kushikana mikono hewani bado lilikuwa jambo. Waanzilishi ni mume na mke, Brent van Rensburg na Laurence Estève, wote watu wa bembea za sarakasi. (Hii ni kurasa ya mahusiano, kwa hiyo niruhusu niseme: kama unataka kupima ndoa, mwambie mwenzio akudake mita nane juu.) Zip Zap walikwenda Khayelitsha, wakashirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka kwenye mpango wa watoto wanaoishi na virusi vya ukimwi. Mpango ukapewa jina la Kixhosa, Ibhongolwethu, fahari yetu.

Fikiria mtoto wa miaka tisa anayemeza vidonge kila siku, anayejua kwamba mwili wake una kitu watu wanakinong'ona. Maisha yake yote mwili ni habari mbaya. Halafu siku moja mwili huo huo unasimama kwa mikono, na ukumbi unapiga makofi. Mtu akiupenda mwili wake, anaumezea dawa. Huhitaji digrii kulielewa hilo.

Na kuna hili la kudakana. Kwenye piramidi wa chini hawezi kumwona wa juu, anamsikia kwa miguu tu. Akitetemeka kidogo, wa juu anajua. Akikohoa bila kutangaza, ni hatari. Watoto waliokulia kwenye nyumba ambazo mkubwa akisema atakuja haji, wanajifunza hapo kwamba kuna mtu akisema niko, yuko. Mimi nimeandika kurasa ngapi hapa za uaminifu kwenye mapenzi! Zote ukizikamua, hazifiki mabega ya wale wanne wa chini.

Lakini usifumbe macho

Kaka aliniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia: "Watoto wa maskini, mzee mmoja ana funguo, safari za usiku. Wewe huoni?" Naona. Ethiopia kulikuwa na kundi maarufu, Circus Ethiopia, lililoanza Addis Ababa mwaka 1991 na watoto wa mitaani, likasifiwa dunia nzima kwa kazi zake za kijamii. Mwaka 1998 baadhi ya wasanii wake vijana wakiwa ziarani Australia waligoma kurudi, wakaomba hifadhi, na wakamtuhumu aliyelianzisha kwa unyanyasaji. Mwaka uliofuata mtu huyo akafa. Sifa zote zile, na watoto walikuwa wanabeba siri.

Neno hisani lina ubaya huo. Likishatajwa, watu wanaona aibu kuuliza maswali. Ukiuliza nani analala na watoto safarini, unaonekana huna shukrani. Uliza tu. Shukrani utatoa baadaye.

Jumamosi mbili mazoezini

Nikaenda kwenye hilo kundi la bwana mdogo mwenyewe. Sikutoa taarifa. Nilifika saa kumi jioni nikajifanya nimekuja kununua mihogo kwa mama wa jirani na uwanja. Nikakaa hapo kama saa moja na nusu.

Nilichokiona cha kwanza: wanaoanza hawaruki kabisa. Wanafundishwa kuanguka. Jioni nzima ni kuanguka tu, kukunja bega, kujiviringisha, kuuacha mkono usitangulie. Mkono ukitangulia umenyooka ndiyo kifundo kinavunjika, na kwa mtoto hapo ndipo mfupa unapokulia, daktari wa yule kijana wetu alinieleza hivyo. Cha pili: wana magodoro manne yaliyochakaa, wameyafunga pamoja kwa kamba ya katani, na hakuna anayepanda juu bila magodoro kuwa chini. Cha tatu: kuna dada mmoja mtu mzima, yeye kazi yake ni kukaa na daftari. Nani kafika, nani karudi nyumbani, nani leo anaumwa.

Na kuhusu safari, nilimsikia kwa masikio yangu kijana mmoja anauliza kama na yeye ataenda hospitali Jumatano. Yule dada akamjibu, "Jumatano si uko shule?" Basi. Hakuna mjadala.

Jumamosi ya pili nikaenda kwa jina langu. Kocha akanisikiliza, nikamuuliza yote, mpaka lile la nani ana funguo. Hakukasirika. Kwa jinsi nilivyoona alishazoea kuulizwa, au alikuwa anangoja kuulizwa kwa muda mrefu. Kisha na yeye akaniuliza: "Dada, wewe ukitualika ofisini kwako utatulipa?" Nikacheka. Nikakuta nacheka peke yangu.

Akanionyesha karatasi. Wana bei mbili. Harusi, uzinduzi wa bidhaa, sherehe za makampuni, hiyo ni bei kamili. Wodi za watoto, misiba na vituo vya yatima ni bure kwa wenye shida, lakini aliyewaalika, kama ni kampuni au mheshimiwa, analipa nauli, chakula, na fedha ya matibabu inayowekwa mapema. Isipotumika, inarudi. Wakipata kazi kamili, kila msanii anachukua chake, na sehemu inabaki kwenye kibubu cha kwenda kucheza bure. Sijui kama wamewahi kusikia habari za Kambodia. Nadhani njaa ndiyo iliyowafundisha.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nikiwa kwenye kamati ya shughuli moja ya hisani (jina naliacha), nilipopewa kuandika makisio nikaweka mstari: kundi la sarakasi, nauli, chakula, dharura ya matibabu. Mwenyekiti akavua miwani. "Kwani hawa si wanajitolea?" Nikamwambia ndiyo, Mwenyekiti, hata sisi tunajitolea, ila tumejiwekea posho ya kikao ukurasa wa pili. Palipita ukimya wa aina yake. Mstari ukapita. Na safari hii mchanga ni wao, viti vitakaa kwenye sementi.

Yule wa kileleni

Utaniuliza yule mtoto wa mkono aliishia wapi. Nilimtafuta, na haikuwa rahisi maana nilikuwa naona aibu. Mkono ulipona baada ya miezi, umepinda kidogo ukiutazama vizuri. Sasa ni kijana mkubwa, hapandi tena kileleni kwa sababu uzito haumruhusu. Anafundisha wadogo. Nilikwenda kwao, nikamkuta mama yake, nikamwambia, mama, lile swali lako nimekuja kulijibu, alikuja kufanya kazi. Nilikuwa na bahasha. Aliitazama kwanza, akaichukua, akaiweka chini ya kitambaa cha meza bila kuifungua. Akaniuliza kama nimekula.

Kwa upande wa Kaka, mazungumzo yalichukua siku tatu na wifi ndiye aliyeyamaliza, wala si mimi na usomi wangu. Alimwambia, "Baba fulani, huyu mtoto ataruka, mimi nataka tu aruke pale ninapopajua." Masharti yakaandikwa: shule kwanza, siku mbili kwa wiki, hakuna safari ya kulala nje bila mzazi mmoja kuwepo, na akiumia anasema siku hiyo hiyo. Bwana mdogo akasaini kwa mbwembwe utadhani anasajiliwa Simba.

Wiki ya kwanza alianguka tu, kama wenzake. Wiki ya tatu wakampa nafasi yake. Alikuwa anaota kileleni, na kwa vile ni pande la mtu wakamweka chini kabisa, kona ya kulia. Alirudi nyumbani amenuna, mabega yanawaka moto, akala ugali sahani tatu.

Jumamosi iliyopita nilipita pale uwanjani. Gari la Kaka lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, vioo vimepandishwa, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Nikagonga kioo. Akashusha kidogo tu, macho hayajatoka kwenye lile piramidi.

"Hivi," akaniuliza, "huyo aliyesimama juu ya mwanangu ana kilo ngapi?"